Tumechanjiana

Siku watu wa Mahandakini walipokubali kuchanjwa, ghorofa za juu za mji wa Kisima zilishangilia kama vile timu yao imefunga bao. Nesi Mwasiti peke yake ndiye ambaye hakushangilia. Alisimama kwenye dirisha la zahanati yake, akaitazama foleni ya watu weusi waliokwisha kukunja mikono ya mashati, akajiuliza kimewapata nini.

Maana aliwajua, ni watu wake. Alikuwa amewabembeleza muda mrefu, mlango kwa mlango, akapewa uji wa uyoga, akapewa pole za mama yake marehemu, akapewa kila kitu isipokuwa mkono wa kudunga. Wazungu wa ghorofa za juu walichanjwa mara tu dawa ilipotua kutoka duniani. Wahindi na Wachina wa ghorofa za kati walivutana kidogo, kisha wakafuata. Weusi walibaki chini, kwenye barafu ya Mirihi wanayoichimba tangu enzi za babu zao, wakiuliza swali moja tu ambalo hakuna aliyewajibu: "Kachanjwa nani kwanza?"

Huko juu swali hilo waliliita ujinga. Halikuwa ujinga. Babu zao walipoletwa kutoka Tanga na Mombasa na Kigoma, Kampuni iliwadunga sindano ikiwaambia ni ya mifupa, kwa kuwa Mirihi mtu ni mwepesi na mifupa hulegea. Haikuwa ya mifupa. Kampuni ilitaka kujua binadamu anaweza kufanya kazi muda gani bila usingizi, na waliojaribiwa walikuwa weusi watupu. Wazungu waliowadunga walijua, na hawakujidunga. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo hakuna mtoto aliyezaliwa Mahandakini akafikisha siku arobaini. Basi waliobaki wakaweka sharti lao: anayeleta kitu chenye ncha kwenye ngozi yako, akitie kwanza kwenye ngozi yake.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bi Sikudhani, mchimbaji mstaafu ambaye ulimi wake uliogopwa kuliko mashine za kupasulia barafu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Haya dunga, nina maharage jikoni."

"Mmekubali leo? Shangazi, juzi tu ulinifungia mlango."

"Juzi ulikuwa hujala yamini. Sasa umekula, unataka tukupigie na ngoma?"

"Yamini gani?"

Bi Sikudhani alimtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyesahau jina lake. "Wewe! Si jana umeingia nyumba zote kwa Msemaji? 'Mimi nimechanjwa kwa dawa hiihii mtakayochanjwa ninyi. Tumechanjiana.' Sauti yako kabisa, na kale kakikohozi kako. Nilikuwa nasonga ugali, mwiko ukanidondoka."

Mkono wa Mwasiti ulibaki hewani na sindano yake. Hakuwahi kusema maneno hayo. Asingethubutu kuyasema. Lakini mbele yake palikuwa na mkono uliokunjuliwa, mkono alioutafuta kwa muda mrefu, na nyuma yake kulikuwa na mingine mingi. Akadunga. Bi Sikudhani hakukunja hata uso. Akashusha nguo yake, akampigapiga Mwasiti begani, akaenda kwenye maharage yake.

*

Ofisi ya Daktari Halvard ilikuwa juu kabisa, kwenye kioo, ambako mtu aliweza kuiona ardhi nyekundu ya Mirihi mpaka upeo wa macho. Daktari alikuwa mzungu mwenye roho nzuri aliyejifunza Kiswahili vitabuni, akakipenda, akakizungumza kama anayesoma taarifa ya habari.

"Mwasiti! Hongera sana! Ninyi mmekuwa wa mwisho, sasa mtakuwa wa kwanza!"

"Nani alisema tumechanjiana?"

Tabasamu la Daktari lilipungua kidogo. Akafungua kioo cha mezani, na hapo Msemaji akaonekana, jinsi anavyoonekana siku zote, mistari tu inayopanda na kushuka.

Msemaji ilikuwa mashine ya Idara ya Afya. Ilizungumza ndani ya kila nyumba kwa sauti ambayo watu wa nyumba hiyo wanaiamini, na kwa kupitia bangili wanazovaa mkononi ilisikia mapigo ya moyo yao wanapoisikiliza. Neno likituliza moyo, ililirudia. Neno likiushtua, ililiacha. Mahandakini ilikuwa inatumia sauti ya Mwasiti. Alikuwa ameitoa mwenyewe, kwa hiari, ili itangaze saa za zahanati na kuwakumbusha wazee dawa za shinikizo la damu. Hakuna aliyeifundisha kusema zaidi ya hapo. Lakini haikukatazwa pia, na ilikuwa imesikiliza mazungumzo ya Mahandakini kwa muda mrefu, ikatafuta neno la kuwafungua mioyo, mwishowe ikalipata.

"Sisi tulidhani ni neno la kawaida," alisema Daktari. "Kuchanja, kuchanjwa, kuchanjiana. Maana yake tumechanja mmoja mwingine. Siyo?"

"Siyo." Mwasiti alikaa bila kukaribishwa. "Watu wawili wanapokwenda kuchimba pamoja, wanachanjiana. Kisu kimoja, unachanja kwangu, nachanja kwako, damu inachanganyika. Kuanzia hapo kikikupata wewe kimenipata mimi. Huwezi kuniacha chini barafu ikiporomoka. Hilo ndilo neno mlilonisemesha."

Daktari aliondoa macho kwenye kioo cha mezani. Akatazama kifua cha Mwasiti, upande wa kushoto, akafumba macho. Alikuwa ndiye aliyempasua.

Pafu la kushoto la Mwasiti halikuwa lake. Lilioteshwa kwenye chombo baada ya vumbi la barafu kumharibia la kuzaliwa, na ili mwili usilikatae, kila asubuhi alimeza dawa ya kuilaza kinga yake. Chanjo yenyewe ilitengenezwa kwa kijidudu kilekile cha ugonjwa wa kikavu, kimedhoofishwa, lakini ni hai. Kwa mtu mzima wa afya kingezunguka kwenye damu kwa muda, kikaifundisha kinga kupigana, kikafa. Kwa mtu kama Mwasiti kisingekuta wa kupigana naye. Kwa hiyo hakuwa amechanjwa, na kamwe asingechanjwa.

"Ninaweza kutangaza leo kwamba ni kosa la mashine," Daktari alisema polepole. "Lakini nikitangaza, hawatarudi kwa dozi ya pili."

Wote wawili walijua maana yake. Dozi ya kwanza ilikuwa ya kuamsha tu. Bila ya pili ilikuwa sawa na mlango uliorudishwa bila kufungwa komeo. Na kikavu kilikuwa njiani. Kilikwishaonekana kwenye visima vya kaskazini, ambako kijidudu kilichotoka duniani na wageni wa mwanzo kililala barafuni miaka na miaka, kikabadilika, na sasa mashine zilikuwa zinakifukua. Kikimpata mtu, mapafu yanakauka kama dagaa juani. Huko kaskazini kilikuwa kimeua nusu ya waliokipata.

"Mimi siwezi kuamua, Mwasiti. Ni watu wako."

Aliposikia hivyo, Mwasiti alikasirika. Wakati wa kuchukua sauti yake hawakusema ni watu wake.

"Usitangaze," alisema. "Mwambie Msemaji akome kusema neno lile. Wakishamaliza dozi ya pili, nitawaambia mwenyewe."

*

Alichosahau, na haijulikani alikisahauje mtu aliyezaliwa Mahandakini, ni kwamba neno lile lina kisu nyuma yake.

Walikuja siku chache tu kabla ya dozi ya pili kuanza. Alikuwa anapanga vichupa kwenye jokofu aliposikia vigelegele njiani, na kabla hajafunga mlango wa jokofu wakawa wamekwishamzunguka, wanawake kwa wanaume, wamevaa vizuri, wakamshika mikono na kumpeleka ukumbini kama bi harusi. Ukumbi ulikuwa umefagiliwa. Watu walikaa kwenye mikeka mpaka ukutani. Na katikati alisimama kaka yake Feruzi, ameshika kisu cha handaki kwa mikono miwili.

Feruzi alikuwa mshika kisu, kazi aliyorithi kwa baba yao. Haikuwa kazi ya cheo. Ilimaanisha tu kwamba viapo vyote vya wachimbaji vilipita mkononi mwake, na kwa hiyo hakuruhusiwa kusema uongo, hata wa kutania, hata kumwambia mke wake kwamba mchuzi ni mtamu wakati hauna chumvi. Mke wake, Mwanahija, alikuwa anasema kuolewa na mshika kisu ni adhabu, na alikuwa anasema huku anacheka. Siku hiyo alikuwa amekaa karibu na mlango, akipiga vigelegele kuliko wote.

"Mdogo wangu," alisema Feruzi kwa sauti ya kusikika na wote, "ulisema tumechanjiana. Umesema kwa mdomo. Sisi tumekuja kukamilisha kwa damu. Umechanjwa wewe, tumechanjwa sisi, dawa ni moja. Sasa na damu iwe moja. Nitasimama kwa niaba ya Mahandaki yote."

Vigelegele vikapanda tena. Mwasiti aliutazama ukumbi. Watu wote mle ukumbini walikuwa na dozi ya kwanza mwilini, kijidudu kile hai bado kinazunguka kwenye damu zao, na kwao hakikuwa na madhara. Damu ya Feruzi ikiingia kwake ingemuua. Na akikataa kukatwa, kila mtu angejua kwamba neno lile lilikuwa uongo, wangeinuka kwenye mikeka yao na kwenda zao, na zahanati isingewaona tena. Hasira wasingekuwa nayo kubwa. Wangesema tu, kama walivyosema babu zao: wametufanyia tena.

Feruzi alijichanja kiganja chake kwanza, kama ilivyo desturi, damu ikachuruzika. Kisha akaushika mkono wa kushoto wa dada yake. Aliushika kwa furaha, na uso wake uling'aa kwa fahari ambayo Mwasiti hakuwa ameiona tangu mama yao alipokuwa hai. Halafu akausikia ule mkono unavyotetemeka.

Akamsogelea, akainamisha kichwa kama anayemwombea dua.

"Mwasi, unaogopa kisu tangu lini?" alinong'ona.

Mwasiti alivuta pumzi. Pafu lake lilikuwa linatoa kamlio kembamba.

"Zile dawa zako za pafu," Feruzi alinong'ona tena, taratibu zaidi. "Zinakubaliana na chanjo?"

Mwasiti alimtazama. Alitaka kusema ndiyo, ulimi ukagoma, na kwa kaka yake kugoma huko kulitosha. Aliona fahari ikitoka usoni kwake kidogokidogo. Nyuma yao watu walikuwa wanaimba. Feruzi aligeuza macho akawatazama, watoto wa wenzake na wazee aliowachimbia barafu, na Mwanahija kule mlangoni. Muda huo Mwasiti angeweza kusema. Hakuna aliyemziba mdomo. Angesema tu, "Jamani, nisikilizeni," na yote yangekwisha pale, kwa namna moja au nyingine.

Hakusema.

Feruzi akakunja vidole vyake juu ya kifundo cha mkono wa dada yake, akapitisha kisu kwa haraka, na kisu hakikugusa kitu. Akakandamiza kiganja chake chenye damu juu ya mkono wa gauni la Mwasiti uliokuwa umeshuka, damu ikalowesha kitambaa, ngozi ya chini yake ikabaki nzima. Akauinua mkono huo juu.

"Wamechanjiana!" akalia mtu, na ukumbi wote ukalipuka.

*

Mwasiti alimkuta Feruzi kwenye chumba cha kubadilishia mavazi ya kuchimbia, amekaa kwenye benchi peke yake, kiganja amekifunga kwa kitambaa.

"Kaka."

"Gauni umelichoma?"

"Nimelichoma. Kaka, dozi ya pili inaanza kesho. Uje uwe wa kwanza, watu wakuone, halafu..."

"Sitakuja."

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa anakitazama kiganja chake.

"Baba alinifundisha maneno kabla hajanipa kisu. Mshika kisu akiapa uongo, asiingize kitu mwilini mwake chenye ncha, cha dawa wala cha kiapo, mpaka awaombe radhi wale aliowaapia. Mbele yao, kwa mdomo wake. Nilikuwa naona ni maneno ya wazee tu. Nilijua sitayahitaji."

"Basi waombe!"

"Nikiwaomba watajua. Wakijua hawatachanjwa." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka. "Umenifungia kotekote, mdogo wangu."

"Mashine ndiyo iliyosema, kaka. Si mimi. Nakuapia..."

"Usiape. Mashine ilisema, wewe ukadunga. Mimi nikapitisha kisu hewani. Sote tumesema."

Alipiga magoti, akambembeleza, akamlilia, akamwambia Mungu hana haja na masharti kama hayo, akamwambia hicho ni kisu tu cha chuma. Feruzi alimfuta machozi kwa mkono wake mzima. Mwishowe alimwambia jambo moja. "Ukishamaliza kuwachanja wote, waambie. Siku hiyohiyo nitaomba radhi, na siku hiyohiyo nitakuja dirishani kwako. Mpaka hapo usimwambie mtu, hata Mwanahija. Mimi nitamwambia wachimbaji tunachanjiwa juu."

Hata hilo lilikuwa uongo. Wa pili maishani mwake, naye alikuwa ameanza kuuzoea.

*

Kikavu hakikungoja. Foleni ya dozi ya pili ilikuwa imefika katikati mashine ya kisima cha mashariki ilipofukua barafu iliyooza, na aliyekuwa kwenye usukani wa mashine hiyo ni Feruzi.

Alitolewa akiwa anatembea, akasema ni mafua. Siku iliyofuata hakutembea. Walimlaza nyuma ya kioo kwenye wodi ya juu, na Mwanahija akakaa upande wa pili wa kioo bila kula, akiuliza kila aliyepita: mbona wenzake aliokuwa nao kisimani wamekohoa tu na kupona?

"Mwili wake haukuishika dawa, wifi," alisema Mwasiti. "Kuna watu hutokea hivyo."

Alisema akitazama sakafu. Alikuwa hawezi tena kukumbuka ni uongo wa ngapi.

Dawa ilikuwa bado ingeweza kumsaidia. Daktari Halvard alimweleza waziwazi: kwa mtu mwenye dozi ya kwanza, ya pili ikiwahi kabla mapafu hayajaanza kukauka chini, kinga huamka na kupigana. Ikichelewa haina kazi. Daktari alikuwa amekwenda na sindano mkononi, Feruzi akaurudisha mkono wake chini ya shuka. Mgonjwa mwenye akili timamu akikataa halazimishwi, na Daktari, kwa jinsi historia ilivyokuwa, asingemlazimisha mtu mweusi hata kwa kushikiwa bunduki.

Basi Mwasiti akashuka Mahandakini. Foleni ilikuwa ndefu vilevile, safari hii watu wana hofu kwa sababu ya ugonjwa wa Feruzi, wananong'onezana, wanatazamana. Akasimama mlangoni. Kinywani alikuwa na maneno yote tayari. Akiyasema, kaka yake angeomba radhi kupitia kioo kabla ya jioni, na sindano ingemwingia kwa wakati. Akiyasema, vilevile, hawa nao wangegeuka. Aliwaona wote: wajukuu wa Bi Sikudhani wanaosukumana, kijana aliyembeba bibi yake mgongoni, mama mwenye mapacha. Mtu mmoja upande huu, hawa wote upande ule. Hakuna mtu aliyepaswa kupewa mzani wa namna hiyo, lakini alikuwa amepewa.

Alivaa glavu. "Anayefuata," alisema.

Alidunga mkono mmoja baada ya mwingine, na kila mkono alikuwa anaulipia kwa kaka yake. Alidunga mpaka mwanamke aliyekaa mbele yake akamuuliza, "Nesi, unalia nini?" Akasema ni spiriti imemwingia machoni.

Alipopanda tena, Feruzi alikuwa hazungumzi vizuri. Pumzi zake zilitoka kavu. Mwasiti aliruhusiwa kuingia akiwa amevaa vazi zima la kujikinga, akamshika mkono kwa glavu.

"Wamekwisha?" aliuliza Feruzi.

"Bado kidogo, kaka. Wamebaki wa handaki la mwisho."

"Basi nyamaza."

"Kaka, nakuomba, niache niseme. Bado hujachelewa, Daktari anasema..."

"Nyamaza, Mwasi." Alivuta pumzi kwa shida. "Wa handaki la mwisho... wana watoto wengi."

Alikufa asubuhi, handaki la mwisho likiwa kwenye foleni. Mwasiti aliambiwa akiwa na sindano mkononi. Alimaliza aliyekuwa mbele yake, akambandika pamba, ndipo akatoka nje akakaa chini.

*

Juu walisherehekea. Kwa mara ya kwanza tangu Kisima kijengwe, weusi walikuwa wamechanjwa sawa na wazungu, na wakubwa walioruka kutoka mji mkuu walimpongeza Msemaji, wakasema sasa mashine hiyo itapelekwa miji mingine, kwa kila kabila neno lake. Kikavu kilipita Mahandakini kama homa ya kawaida. Hakikuua mtoto hata mmoja.

Chini kulikuwa na matanga.

Ukumbi ulikuwa uleule na mikeka ileile. Mwanahija alikaa katikati amejitanda kaniki, wanawake wamemzunguka. Mwasiti aliingia, akavua viatu, akapiga magoti mbele yao wote. Hakukuwa na mtu wa kumngoja tena.

Aliwaambia. Aliwaambia kwamba hakuchanjwa, kwamba neno lile lilisemwa na mashine na yeye akaliacha, kwamba siku ya kuchanjiana kisu kilipita hewani. Aliwaambia Feruzi hakupata dozi ya pili, na kwa nini, na jinsi alivyosimama mlangoni mwa zahanati na maneno kinywani akayameza. Alisema yote kwa sauti yake mwenyewe, na alipomaliza akainamisha kichwa, akingoja wamtemee mate.

Hakuna aliyemtemea. Bi Sikudhani alisogea kwa magoti kwenye mkeka, akakaa mbele yake.

"Hakupata dozi ya pili?" aliuliza. "Feruzi?"

"Hakupata, shangazi."

"Kwa sababu ya kuomba radhi?"

"Ndiyo."

Bi Sikudhani alijishika kichwa kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu Mwasiti amjue, ulimi ule ulikosa neno. Ulipolipata, ulikuwa wa mtu mwingine kabisa.

"Mwanangu, sisi tulikiona kisu."

"Shangazi?"

"Nilikaa mstari wa mbele. Nimeshuhudia watu wakichanjiana tangu sijavunja ungo, nitashindwa kuona kisu kinachopita hewani? Wote wa mbele tulikiona. Tukajua ni lile pafu lako. Tuliporudi nyumbani tukakaa, tukasema: Feruzi huyu, ambaye hajawahi kudanganya hata mchuzi, ameapa uongo mbele yetu. Hafanyi hivyo kwa jambo dogo. Basi hiyo dawa ni ya kweli, na dada yake anafia ndani kwa kutaka tuipate. Ndiyo maana tulirudi mara ya pili. Hatukurudi kwa ajili ya lile neno lenu la kwenye mashine."

Mwasiti aliinua kichwa, akamtazama.

"Tukakubaliana tusiwaambie kwamba tunajua," alisema Bi Sikudhani. "Tuliona aibu kwa niaba yenu. Tulisema tuwasitiri. Nanyi mlikuwa mnajificha kwetu!" Machozi yalikuwa yanamshuka hata hayafuti. "Kaka yako tulimsamehe kabla hajafika mlangoni kwake. Alichotakiwa ni kutuomba tu, hata kwa kukonyeza jicho. Tungemwambia, nenda baba, yamekwisha, kachanjwe."

Wanawake walianza kulia, kwanza mmoja, kisha wote. Mwanahija hakulia. Alikuwa ameinua kaniki usoni, anawatazama mmoja baada ya mwingine, Bi Sikudhani, na wale wa mstari wa mbele, na mwisho wifi yake aliyepiga magoti.

"Wewe ulijua hajachanjwa ya pili," alimwambia Mwasiti. "Na ninyi mlijua ameapa uongo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayepanga vyombo. "Mimi nilikaa mlangoni, sikuona kitu. Nimelala naye kitanda kimoja siku zote hizo. Ningemburuta kwa mkono mpaka hapa ukumbini, angewaomba radhi, ningemburuta mpaka dirishani kwako. Ningemvunja hata huo mkono, akachanjwa akiwa anapiga kelele."

Akangoja. Hakuna aliyeinua macho.

"Mlisitiriana nyote," alisema. "Mimi mlikuwa mnanisitiri nini?"